Nani Kasimama, Nani Kaanguka: Kifo katika Al-Inkishafi na Makaburi ya Pwani

Kila tukifika kwenye Al-Inkishafi katika masomo yetu ya ushairi, mambo huwa ni yale yale. Mmoja anasema dhamira kuu ni kifo. Wa pili anaongeza ubatili wa dunia. Wa tatu, ambaye kasoma zaidi yetu, anataja mizani kumi kwa kila mshororo na kina cha bahari kinachoishia na "ye" tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Tunaandika kwenye daftari, tunafunga, tunahamia kwa Muyaka ambaye angalau anachekesha. Utenzi ulio miongoni mwa tungo kubwa kabisa katika lugha hii tunaupita kama watu wanaopita makaburini usiku: mbiombio, na bila kugeuka nyuma.

Makala haya yanakusudia kugombana kidogo na mazoea hayo. Hoja yangu ni kwamba kifo, kama kinavyosemwa katika utenzi ule, hakielei hewani. Kina mahali pake, kina majirani. Watu wa pwani ya kaskazini, kutoka visiwa vya Lamu kushuka hadi Malindi na kwingineko, walikuwa na namna kadhaa za kukiwekea kifo alama, na namna hizo hazikuwa zinasema jambo moja. Wengine walijenga nguzo za mawe juu ya makaburi. Wengine, hatua chache tu kutoka ufukweni, walichonga miti na kuisimamisha. Na mmoja, sharifu mwenye elimu yake, akatunga beti. Ninavyousoma utenzi huu, ni sauti moja katika ubishi mrefu, na anayeisikia sauti hiyo peke yake amesikia nusu ya maneno.

Tuanze na mtunzi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa mtu wa ukoo wa masharifu wa Sheikh Abu Bakr bin Salim, na wataalamu wengi wanakadiria kuwa alitunga utenzi huu kati ya mwaka 1810 na 1820 hivi. Miaka hiyo si ya kupita tu. Pate, dola iliyokuwa imetamba katika visiwa vile, ilishindwa vibaya katika vita vya Shela mapema katika muongo huo huo, pale ilipoungana na Wamazrui wa Mombasa kwenda kuipiga Lamu. Baada ya hapo mji haukuinuka tena ukawa kama zamani. Kwa hiyo mtunzi hakuhitaji kufikiri sana apate mfano wa dunia inayodanganya. Mfano ulikuwa unaonekana ukitoka nje.

Jina lenyewe, Inkishafi, maana yake ni kufunuliwa. Mtunzi anausemesha moyo wake, anaukaripia kama mzee anavyomkaripia kijana mkaidi. Anauambia kuwa dunia ni bahari iliyochafuka na yenye matumbawe, kuwa ni kisima kinacholindwa na ng'ombe mkali wa pembe hata mwenye kiu asifaidi, kuwa ni mangati yale anayoyaona mwenye kiu adhuhuri akidhani ni maji. Hadi hapo, kusema kweli, tungeweza kuwa popote. Mifano ya namna hii ipo katika mawaidha ya Waislamu wa nchi nyingi. Kama utenzi ungeishia hapo nadhani wale wanaosema "ni mawaidha ya dini tu" wangekuwa na haki, na mimi nisingekuwa na makala.

Lakini hauishii hapo. Mtunzi anauchukua moyo wake, anaupeleka Pate, anauingiza nyumbani kwa watu! Hapo ndipo utenzi unapobadilika sura. Kwanza anatuonyesha matajiri wakiwa hai: shingo wamezilaza kwa maringo, macho wameyafumba nusu, watu wako mbele na nyuma yao. Nyumba zinawaka taa za kioo na za shaba usiku hadi zinang'aa kama mchana. Ukutani mna zidaka, yaani vile vishubaka vya chokaa, na ndani yake vimepangwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Vitanda vimechongwa vikapambwa. Kisha, bila ya kutupa nafasi ya kupumua, anatuingiza katika nyumba zile zile zikiwa gofu. Juu wananing'inia popo. Hakuna mnong'ono wala ukelele. Kitandani buibui katanda. Na mle zidakani, mlimokuwa na vyombo, sasa mna makinda ya ndege.

Hebu tukae hapo kwenye kidaka, maana naona wahakiki wengi wanakipita. Katika nyumba ya jiwe ya Pate au Lamu, zidaka zilikuwa ndizo uso wa familia. Mgeni aliyekaribishwa ndani aliona sahani na mabakuli yaliyovuka bahari, naye akajua yuko kwa nani. Sasa mtunzi angeweza kusema tu kuwa vyombo vimevunjika au vimeibwa. Hakusema hivyo. Amekiacha kidaka mahali pake na kubadilisha kilichomo ndani. Umbo limebaki, matumizi ndiyo yamegeuka: palipokaa mali pamekaa uhai, lakini uhai usiomjua mwenye nyumba wala kumjali. Makinda yale hayana kosa lolote. Yanakua. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha ya kutisha zaidi katika utenzi mzima, kupita hata funza na usaha wa kaburini, na kupita orodha ya majina ya Jahannamu inayokuja mwishoni. Moto unatisha kwa kuwa unakuhusu wewe. Makinda yanatisha kwa kuwa hayana habari na wewe.

Kisha linakuja lile swali maarufu: wako wapi? Mtunzi anauliza walipo mabwana, wanawake wa heshima, makadhi, hata watu wa ukoo wake mwenyewe. Msomaji aliyesoma fasihi linganishi ataruka hapa na kusema: ahaa, hii ni kawaida ya zamani. Ni kweli. Mawaidha ya Kiarabu yamejaa swali hilo, na Ulaya kule François Villon wa Ufaransa, katika karne ya 15, aliuliza walipo mabibi mashuhuri wa kale. Ila tusiishie kufurahi kwamba vitu vinafanana. Villon anawauliza watu wa hadithi na wa historia ya mbali, watu ambao yeye hakupata kuwaona. Sayyid Abdallah anawauliza watu ambao nyumba zao anazijua mlango kwa mlango, na wengine ni jamaa. Ni tofauti ya mtu anayesoma majina kwenye kitabu na mtu anayepiga hodi.

Basi hayo ni ya utenzi. Sasa tutoke nje ya nyumba twende makaburini, kwa sababu vyombo vile vya Kichina havikuwa vya zidakani peke yake.

Anayekaa Dar es Salaam hana haja ya kusafiri mbali. Aende Kunduchi, au apande basi hadi Kaole karibu na Bagamoyo, au kama ana nauli afike Tongoni kule Tanga. Kenya yako Malindi, Mambrui, Gedi, na Takwa katika kisiwa cha Manda. Ataona makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, na upande mmoja wa kaburi imesimamishwa nguzo. Nyingine ni za duara, nyingine zina pembe nne au zaidi, nyingine zinamzidi mtu kimo mara kadhaa. Kaburi mojawapo la Gedi lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na nguzo ya Takwa ina mwaka unaolingana na miaka ya 1681 na 1682. Kwa hiyo mtunzi wetu alipozaliwa, desturi hii ilikuwa na umri wa karne kadhaa. Na juu ya nguzo hizo, au kwenye kuta za makaburi, mafundi walipachika sahani na mabakuli ya kauri wakayashika kwa chokaa, uso wa sahani ukimtazama anayepita.

Jambo hili lina utata wake kidini. Wako wanazuoni wengi wanaokataza kulijenga na kulipamba kaburi, na hoja zao zinajulikana. Watu wa pwani walijua hayo. Walikuwa Waislamu, walisali, misikiti yao iko palepale ubavuni mwa makaburi. Walijenga hata hivyo. Wataalamu wamebishana sana nguzo zile zimetoka wapi na zina maana gani. Wako waliosema ni alama ya uume na ukoo, wako waliozilinganisha na mawe ya kusimamishwa ya watu wa bara upande wa kaskazini. Mimi si mwanaakiolojia na sitajitia kati ya mafahali hao. Nachosema ni kitu ambacho hata mtoto anakiona: maiti amelazwa, lakini alama yake imesimama. Aliyekufa hakukubali kulala kabisa.

Sasa ziweke picha mbili hizi pamoja. Ndani ya nyumba kuna kidaka chenye sahani. Nje kwenye kaburi kuna kishimo chenye sahani. Kumbe kaburi lile ni kama nyumba iliyogeuzwa nje! Mwenye mali aliendelea kuwapokea wageni hata baada ya kufa kwake, na vyombo vyake vikiwa mahali pa kuonekana. Mtunzi wa Al-Inkishafi anaposema kidaka kimekaliwa na makinda, ninaamini anaupiga mzizi wa fahari hiyo hiyo. Na historia, kwa bahati mbaya, imemtetea. Ukienda leo kwenye makaburi mengi ya namna hiyo utakuta vishimo vya duara vitupu. Sahani zimebanduliwa na watu waliozitaka kwa biashara au kwa ukumbusho. Kilichobaki ni alama ya sahani kwenye chokaa, kama jicho lililong'olewa.

(Nifungue mabano nitaje jambo la mjini. Anayedhani fahari hii imekufa na apite kwenye makaburi yoyote ya Dar es Salaam, ya Wakristo hasa, atazame marumaru. Nyeupe, nyeusi, za maua, nyingine zimebaki kutoka bafuni. Tunacheka, lakini fundi anayepachika kigae juu ya kaburi la baba mtu anafanya kazi ile ile ya fundi wa Kunduchi.)

Naam. Kama mambo yangekuwa nguzo dhidi ya utenzi tu, hadithi ingekuwa fupi: matajiri walitaka kusimama, mwanazuoni akawaambia mtaanguka. Lakini pwani ile ina wafu wengine waliosimama, na mmoja wao yumo ndani ya fasihi yenyewe. Namtaja Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kutokana na masimulizi ya zamani zaidi, Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa na mfalme wa Pate. Anaamka, anachukua uta wake, anatoka, anafika karibu na kisima, anapiga goti na kuvuta mshale. Anafia hapo hapo katika hali hiyo. Watu wanaokuja kuteka maji wanamwona wanakimbia. Mji unapata kiu. Mama yake anaitwa aje ambembeleze, mama anakuja anasema naye, wala hamjibu. Siku zinapita. Mpaka mwili unapoanguka ndipo watu wanapojua kuwa walikuwa wakimwogopa maiti.

Walimu wetu hutufundisha hadithi hiyo kama ushujaa na usaliti, na sina ubishi nao. Ila tazama kifo kilivyowekwa. Baina ya kufa na kuanguka pana siku kadhaa, na katika siku hizo maiti anatawala. Anazuia maji! Hana pumzi lakini umbo lake, goti lile na uta ule, linatosha. Liyongo kwenye kisima ni nguzo ya nyama. Na mshale ukiwa umeelekezwa kwa mji uliomhongea mwana, mtu anaweza kusema kwamba kaburi la Liyongo lilijengwa kabla hajazikwa. Al-Inkishafi nayo ina kisima ambacho mwenye kiu hafaidi, ila mlinzi wake ni ng'ombe, na kisima chenyewe ni dunia. Sidai kuwa mmoja kamwiga mwingine. Nasema visima hivyo viwili vinafaa kusomwa siku moja.

Ukitoka Malindi ukaelekea bara kidogo unaingia kwa Wamijikenda, na hasa Wagiriama, na huko wafu wanasimama kwa miti. Mtu wa kawaida akifa aliweza kuwekewa kijiti kifupi kisicho na nakshi, nacho huitwa koma, jina lile lile la roho za wahenga. Lakini aliyekuwa katika chama cha Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima ambacho kuingia kwake kulidai karamu na gharama, alichongewa kigango. Kigango ni ubao mrefu wenye kichwa, mara nyingi kichwa cha duara, na kiwiliwili chembamba kilichojaa nakshi za pembetatu. Hakisimamishwi juu ya kaburi. Kinasimamishwa mjini kwa wenyewe, na si lazima siku za msiba. Mara nyingi ni baadaye, pengine baada ya ndoto au ugonjwa au balaa kuonyesha kuwa marehemu anadai chake. Ndipo anapochongewa, anawekwa, anamwagiwa pombe ya mnazi na kusemeshwa.

Kigango kina sharti moja ambalo kwa mhakiki wa fasihi ni somo zima. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Mvua ikinyesha kinyeshewe, mchwa wakija wale. Wenyeji wakihama kutafuta mashamba mapya, vigango vya zamani vinabaki kwenye mahame vikioza taratibu. Kuoza si uzembe. Kumo ndani ya mpango. Mgiriama wa kale na Sayyid Abdallah wa Pate wangegombana juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili nadhani wangeelewana kidogo kuliko yeyote kati yao angeelewana na fundi wa nguzo: wote wawili wanaiacha nyumba iwe gofu. Tofauti ni kuwa mmoja anaona katika gofu lile ushahidi wa udanganyifu wa dunia, na mwingine anaona mzee aliyepumzika.

Halafu wakaja wanunuzi. Tangu miaka ya 1970 hivi vigango vilianza kung'olewa na kuuzwa kwa watalii na wafanya biashara wa sanaa, na mamia vikaishia kwenye majumba ya makumbusho na nyumba za watu huko Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye kimoja kikatambuliwa katika jumba la makumbusho la Illinois, na cha pili katika Hampton University, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Vikarudishwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Jumba la makumbusho la Denver nalo likarudisha 30, ambavyo vilipokelewa Nairobi mwaka 2019. Fikiri hali ya vigango vile huko ughaibuni: ndani ya chumba cha ubaridi, havipati mvua wala mchwa, vimewekwa taa ya kuvimulika na kibandiko kinachosema ni sanaa ya Afrika Mashariki, mchongaji hajulikani. Wamevitunza vizuri mno. Wamevinyima kufa.

Sasa kwa nini naleta vigango katika gazeti la uhakiki? Kwa sababu naona sisi nasi tumekifanyia Al-Inkishafi jambo linalokaribia hilo. Utenzi huu nao umesafiri. Miswada ilikusanywa pwani na wamisionari na maofisa. Tafsiri ya W. E. Taylor ilitoka mwaka 1915 ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand. Hichens akachapisha toleo lake London mwaka 1939. James de Vere Allen akatoa lake mwaka 1977. Na mwaka 1999 Profesa Mulokozi akauweka pamoja na Liyongo na Mwana Kupona katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu ambacho wengi wetu tunakitegemea. Nawashukuru wote, maana bila wao mimi mtu wa bara nisingeujua. Lakini ukifika kwenye chumba cha semina umeshakuwa kigango cha Denver. Umesafishwa, una kibandiko cha "dhamira: kifo", na hauna hata chembe ya udongo wa Pate kwenye kisigino.

Najua nitaulizwa maswali. La kwanza litatoka kwa wenzangu wanaoujua utenzi kwa njia ya chuoni na msikitini. Watasema: huyu anatutolea dini ndani ya utenzi wa dini. La hasha. Mtunzi aliamini kila neno alilolisema juu ya kaburi na moto, na anayeyasoma hayo kama mapambo hajamheshimu. Nachokataa ni kudhani kuwa imani haina anwani. Mhubiri anayetaka kuutingisha moyo hachagui kidaka kwa bahati. Alichagua kitu ambacho kila msikilizaji wa Pate alikuwa nacho nyumbani au alikitamani kwa jirani.

La pili litatoka kwa wale wanaosoma kila kitu kwa macho ya matabaka. Kwao Al-Inkishafi ni kilio cha mabwanyenye walioporomoka, na mtumwa aliyekuwa akiwapepea matajiri vitandani hana ubeti wake. Hapa nakubali nusu kwa moyo mweupe. Ni kweli kabisa kwamba wanaolizwa ni wenye nyumba za mawe. Aliyekufa katika nyumba ya makuti hakuacha gofu la kutungiwa. Hata makaburini ni hivyo, nguzo haikuwa ya kila mtu, na kigango hakikuwa cha kila Mgiriama. Alama ya kifo imekuwa ikigharimu fedha pwani yote, mawe kwa miti. Lakini nusu ya pili siikubali. Mtunzi hawalilii mabwana wale warudi. Anawatoa nguo. Sijaona katika fasihi yetu ya kale mtu wa tabaka la juu anayelivua tabaka lake mbele ya watu namna ile, tena akianzia kwa jamaa zake.

Kuna la tatu ambalo nimejiuliza mwenyewe: mbona hakuna machozi? Ukitoka Al-Inkishafi ukaenda kwenye shairi la Shaaban Robert la kumwombolezea mkewe Amina, lililomo katika Maisha Yangu, unahisi umetoka uani umeingia chumbani. Pale kuna mtu mmoja aliyefiwa na mtu mmoja, mwenye jina na tabia. Katika Al-Inkishafi maiti ni wengi na majina yanapita upesi. Nadhani ndiyo desturi ya maombolezo ya mji, yanataka kuhesabu. Ajabu zaidi ni Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa wa kufa, akimwachia binti yake. Mtu yuko ukingoni mwa kaburi, naye anazungumza juu ya kumtunza mume na kusafisha nyumba! Wengi humkemea Mwana Kupona kwa mengine, na wana sababu. Lakini kama tunazungumza juu ya kukiwekea kifo alama, yeye kachagua alama isiyoweza kubanduliwa na mwizi: binti anayekumbuka.

Nilisema mimi ni mtu wa bara. Kwetu Kilimanjaro mfu hazikwi mbali, anazikwa kihambani, ndani ya migomba, na mmea wa isale ndio unaoonyesha kuwa hapa pana mtu. Ndiyo maana Mchaga akifia Dar es Salaam watu wanachangishana, mwili unapandishwa gari unasafirishwa usiku kucha kilomita mia tano na zaidi. Wenzetu wa pwani wanatushangaa, wao maiti hakawizwi, akifa asubuhi alasiri kazikwa. Kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu kwa wafu. Nataja hili kwa sababu darasani tunapenda kusema "katika utamaduni wa Mwafrika kifo ni..." na sentensi inaendelea kana kwamba Mwafrika ni mtu mmoja aliyekufa mara moja.

Narudi Takwa, nimalizie. Mji ule uliachwa kabla Sayyid Abdallah hajazaliwa. Nyumba zimebomoka sawasawa na alivyoandika juu ya Pate: paa hakuna, vyumba vimeota miti, mlango ni uwazi tu. Angeweza kuwa anautazama wenyewe. Lakini ile nguzo ya kaburi ingali wima, na watu wa Shela, ambao wanasema asili yao ni Takwa, wamekuwa na desturi ya kuvuka maji na kwenda kuomba mvua mbele yake. Hawaendi kuona ubatili wa dunia. Wanakwenda kwa mzee wao, wanamweleza shida ya maji, kisha wanapanda majahazi kurudi. Katika Al-Inkishafi yote nimewatafuta watu hawa, wanaoingia kwenye gofu wakiwa na haja zao na kutoka bila hofu, na sikuwaona hata katika ubeti mmoja. Wahakiki wa utenzi huu nao sijaona wakiwauliza.